Baba kapata uvimbe wa pili mdomoni: ni ule ule umerudi au ni mpya? Mwenye uelewa wa kusoma vinasaba vya kansa naomba aje hapa

#1 Binti Kibaigwa
Habari za jioni wakuu. Naandika nikiwa Dodoma mjini, Chang'ombe kwa dada yangu. Mzee kalala chumba cha pili.

Baba ana miaka 66, mkulima wa mahindi na alizeti huko Kongwa. Miaka miwili na ushee iliyopita alitolewa uvimbe pembeni mwa ulimi, upande wa kushoto. Alifanyiwa Dar es Salaam, akapigwa mionzi, akarudi shambani. Ugoro aliacha (yeye ndivyo anavyosema, mama ana lake). Mwezi uliopita kakionyesha kidonda kwenye fizi ya chini, upande wa kulia, kisichopona. Kinyama kikachukuliwa, majibu yakaja: saratani, ya aina ile ile ya kwanza.

Daktari katuambia inaweza kuwa ya zamani imerudi, inaweza pia kuwa mpya iliyojianzia yenyewe, na kwa darubini zote mbili zinafanana. Akagusia kwamba kuna kipimo cha kusoma vinasaba vya vivimbe vyote viwili kinachoweza kutenganisha, ila si cha kila siku na si cha bei ya kawaida.

Kaka yangu anataka tuuze ng'ombe wanne kesho. Mimi nataka kwanza nielewe tunanunua nini.

#2 Mchizi wa Nkuhungu
Pole sana dada. Si muende kwa Mkemia Mkuu tu? Wale ndio mabingwa wa DNA nchi hii, watu wanavunja ndoa kila siku kwa majibu yao. Unapeleka sampuli mbili, unaambiwa zinahusiana asilimia 99 au hazihusiani. Kazi imeisha.

#3 Kipimadarubini
Mchizi umenichekesha, ila swali lako ndipo wengi wanapojikwaa. Mimi ni mtu wa maabara ya patholojia (tunaosoma vinyama kwa darubini) hapa hapa Dodoma, siyo daktari, kwa hiyo nitasema ya maabara.

Kipimo cha baba wa mtoto kinaangalia maeneo ishirini hivi ya DNA ambayo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Vivimbe hivi viwili ni vya mtu mmoja. Ukivipeleka kwenye kipimo kile utajibiwa kwamba huu ni wa mzee wa Kongwa, na huu pia ni wa mzee wa Kongwa. Hilo mama yao analijua bila kulipia hata shilingi.

Kinachotafutwa ni makosa yaliyoingia baada ya mtu kuzaliwa. Seli ikigawanyika inanakili DNA yake, kitabu cha herufi kama bilioni 3, na katika kunakili inakosea. Tumbaku, pombe na umri vinaongeza makosa. Siku seli moja ikipata makosa mabaya ikageuka kuwa saratani, uzao wake wote unarithi makosa yale yale, yaliyoleta ugonjwa na yale yaliyokuwa yamekaa tu kama abiria.

Sasa unasoma vitabu vitatu: uvimbe wa kwanza, uvimbe wa pili, na damu yake. Damu inaonyesha alivyozaliwa. Unaondoa hayo, kila uvimbe unabaki na orodha yake ya makosa, ndipo unalinganisha. Orodha zikishirikiana makosa mengi, asili yao ni moja. Zisiposhirikiana hata kosa moja, kila uvimbe una ukoo wake.

#4 Mchizi wa Nkuhungu
Sawa mkuu nimekaa chini. Ila kwa nini damu? Si wachukue nyama nzima ya shavuni, ipo jirani hapo hapo?

#5 Kipimadarubini
Nyama inayoonekana nzima mdomoni mwa mtu aliyetumia tumbaku kwa miaka arobaini inaweza isiwe nzima. Hiyo ndiyo habari yenyewe, nitairudia. Ngoja nimalize sampuli za asubuhi.

#6 Mzee wa Hombolo
Mbukwenyi wanangu. Binti, mpe baba salamu zangu na pole nyingi.

Mimi nalima zabibu, DNA siijui. Lakini nikisoma haya naona ni habari ya shamba. Zabibu hatupandi mbegu. Tunakata kijiti kwenye mche mama tunachomeka ardhini, na ekari nzima inaweza kuwa ni mche mmoja uliotawanywa. Miaka ya nyuma tawi moja la mche wangu lilianza kutoa matunda yenye rangi iliyopauka, mengine yote mekundu kama kawaida. Nikakata vijiti kwenye tawi lile, nikavipanda kona ya chini. Majirani wakaomba, wengine hawakuomba. Leo nikipita shamba la mtu nikaona rangi ile najua kijiti kilitoka kwangu, hata mwenyewe akibisha.

Ndivyo hivyo au nimepotea?

#7 Kipimadarubini
Hujapotea mzee wangu, umenirahisishia kazi. Lile tawi lililopauka ni kosa moja la kunakili lililorithiwa na kila kijiti. Sasa nitumie shamba lako kumjibu Mchizi.

Dada anauliza kama ni "imerudi" au "mpya". Lipo jibu la tatu katikati. Chukulia vijiti vya lile tawi vimeenea robo ya shamba. Havina ugonjwa, ukipita barabarani shamba linaonekana zima. Kisha miche miwili ya kundi lile ikapata ugonjwa kwa nyakati tofauti, mmoja juu na mwingine chini. Mche wa pili haukuambukizwa na wa kwanza, lakini huwezi pia kusema hawajuani. Ni ndugu wa baba mmoja.

Mdomoni hali hii imeonekana zamani. Mwaka 1953 Slaughter na wenzake kule Marekani walipitia wagonjwa 783 wa saratani za mdomo na koo, wakakuta zaidi ya mmoja katika kila kumi ana uvimbe zaidi ya mmoja unaojitegemea, na utando unaouzunguka uvimbe haukuwa wa kawaida chini ya darubini hata pale macho yalipouona safi. Wakasema uwanja mzima umeshaharibika, uvimbe ni pale palipochomoza tu. Hawakuwa na namna ya kusoma DNA. Miaka hamsini baadaye Waholanzi wa Amsterdam, akina Braakhuis na Brakenhoff, wakautandaza mlolongo wenyewe: seli moja inapata kosa, mara nyingi kwenye jeni inayoitwa TP53, inazaa kiraka kidogo, kiraka kinasukuma majirani na kuwa uwanja wa sentimita kadhaa, na ndani ya uwanja ule ndimo uvimbe unapozaliwa. Daktari wa upasuaji anakata uvimbe na kingo zake, uwanja unabaki. Baadaye unachomoza mwingine, watu wanasema "imerudi".

Hiyo ndiyo sababu ya damu, Mchizi. Ukilinganisha na nyama ya shavuni iliyomo ndani ya uwanja, makosa ya uwanja utayaona kama ni ya kuzaliwa nayo, utayafuta, kisha utasema vivimbe havihusiani kumbe vinahusiana.

#8 Binti Kibaigwa
Nashukuru sana, nimesoma mara tatu. Maswali mawili. Kwanza, ulimi wa kushoto na fizi ya kulia, uwanja mmoja unafika kote huko? Pili, daktari alisema kuna kanuni ya sentimita na miaka, sikumwelewa.

#9 Kipimadarubini
Kanuni ni hii: uvimbe wa pili ukiwa zaidi ya sentimita 2 kutoka wa kwanza, au ukitokea baada ya miaka 3, unahesabiwa mpya. Kabla yake kulikuwa na masharti ya Warren na Gates ya mwaka 1932, kwamba kila uvimbe uwe saratani kweli, viwe vimetengana, na ithibitike kuwa wa pili si kipande kilichosafiri kutoka wa kwanza. Hilo la mwisho ndilo lilikuwa gumu, kwa darubini utathibitishaje? Ndiyo maana watu wakakimbilia rula na kalenda.

Kwa rula, wa baba ni mpya. Miaka 3 haijatimia, ila kanuni inaridhika na sharti moja. Uwanja mmoja kuvuka kutoka kushoto hadi fizi ya kulia si jambo la kawaida, na mimi ningeweka dau langu kwenye mpya. Ila ni dau. Walipoanza kusoma DNA walikuta rula inakosea pande zote mbili: vilivyo jirani havihusiani, vilivyo mbali vina asili moja.

Jambo jingine, ukija kupata ripoti usikubali ifungwe kwa kosa moja linalofanana. TP53 ina sehemu zinazopenda kuharibika, kama nafasi ya 175, ya 248 na ya 273, na kwenye utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2015 uliosoma vivimbe 279 vya kichwa na shingo, jeni hiyo ilikuwa imeharibika kwa zaidi ya asilimia 70. Vivimbe viwili kukutwa na kosa la 248 ni kama kuita "Juma!" mnadani Msalato Jumamosi. Watageuka kumi, wala si ndugu. Undugu unathibitishwa na yale makosa ya abiria, ya ajabu ajabu, yasiyo na faida kwa yeyote, yakikutwa mengi pande zote mbili.

#10 Ng'ombe Watatu
Haya yote mazuri ila mimi naona biashara. Babu yangu Mpwapwa alikatwa, akakatwa tena, hakuna aliyemsoma herufi. Mtu anaumwa mnamwambia asubiri ukoo wa uvimbe. Dada, usiuze ng'ombe.

#11 Kipimadarubini
Na mimi naunga mkono, japo si kwa sababu zako. Vivimbe vyote viwili vikiwa vya mdomoni, iwe imerudi, iwe mpya, iwe ndugu, ikiwa bado ndogo na inakatika, itakatwa. Mionzi nayo ina kikomo pale ilipokwishapita, na kikomo hicho hakijali ukoo. Kipimo ambacho jibu lake lolote linakurudisha kwenye chumba kile kile cha upasuaji, kwa mtu mwenye ng'ombe wanne, mimi nisingekilipia. Wala msicheleweshe upasuaji kukisubiri.

#12 Mama Ikungi
Naomba kutofautiana kidogo na Kipima, kwa heshima. Mama yangu mzazi, wa huku Singida, alipata vivimbe vitatu ndani ya miaka mitano. Wa tatu tulikuwa India kwa msaada wa ndugu, wakavisoma vyote pamoja.

Ripoti ilikuwa kurasa nyingi, lakini ukurasa wa mwisho ulikuwa na picha ya mti. Uvimbe wa kwanza na wa pili shina moja, kisha kila mmoja tawi lake. Wa tatu ulichorwa pembeni peke yake, mti mwingine, haugusi popote.

Upasuaji ulibaki ule ule, kweli. Kilichobadilika ni mambo mawili. Kwanza ufuatiliaji: walisema mdomo huu una mashamba mawili mabovu siyo moja, kwa hiyo kila alama nyeupe au nyekundu isiachwe, na tangu hapo kila baada ya miezi miwili anafunguliwa mdomo na kukaguliwa kote. La pili sijui kama linahesabika kwa wataalamu. Mama alikuwa anajilaumu. Aliamini "imerudi" kwa sababu hakumaliza dawa fulani, au alikula kitu. Alipoambiwa huu wa tatu hauna uhusiano na ya nyuma, alilala usiku kucha kwa mara ya kwanza tangu tufike.

#13 Mchizi wa Nkuhungu
Mama Ikungi hilo la pili linahesabika sana. Swali la kizushi: wakisoma herufi hawawezi kujua ni ugoro, sigara au pombe? Tumalize ubishi wa mzee na mama.

#14 Kipimadarubini
Moshi wa sigara unaacha muhuri wake kwenye DNA, herufi za aina fulani zinabadilika kuliko nyingine. Kwenye pafu na kwenye zoloto muhuri unaonekana waziwazi, mdomoni unafifia, unachanganyika na mingine. Kwa hiyo kumshitaki mzee kwa ripoti haiwezekani, mama aendelee na ushahidi wake. Ila kwamba tumbaku ya kunusa na kutafuna inasababisha saratani halina ubishi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kundi la kwanza, pamoja na sigara, pombe na popoo.

#15 Binti Kibaigwa
Wakuu, kuna kitu sikukiandika mwanzo. Sikukiona cha maana, au niliogopa. Jana tumechukua picha za CT kabla ya upasuaji. Mdomo na shingo wamesema sawa na walivyotegemea. Ila pafu la kulia, juu, kuna kidoa. Neno lililotumika ni "kisafiri hakiwezi kukataliwa". Kaka tayari kaongea na mnunuzi wa ng'ombe.

#16 Zamu ya Usiku
Pole sana dada. Nafanya kazi wodini, nimekuwa nasoma kimya kimya, sasa nachangia.

Hapa mchezo umebadilika. Kidoa cha pafu kwa mtu aliyewahi kuwa na saratani ya mdomo kina njia tatu. Moja, kimesafiri kutoka mdomoni. Hapo ugonjwa umefika hatua ya mwisho kwenye makaratasi na mpango wa tiba unageuka. Mbili, ni saratani mpya ya pafu, maana tumbaku haichagui kiungo. Hiyo ikiwa ndogo na pekee, inaweza kukatwa kwa nia ya kuponya. Chini ya darubini ya mdomo na ya pafu, zikiwa za aina hii, zinafanana kiasi kwamba mwanapatholojia mzuri anaweza kukuambia wazi kuwa hawezi kutenganisha. Hapo kusoma vinasaba kuna kazi ya kweli, kwa sababu jibu ndilo linaloamua mzee anaingia chumba gani.

Lakini ipo ya tatu, na kwa mzee wa miaka 66 wa huku kwetu, juu ya pafu, aliyekonda kwa kutokula vizuri, mimi ningeianza: kifua kikuu. Anakohoa?

#17 Binti Kibaigwa
Anakohoa tangu Julai. Tulijua ni vumbi la kupura alizeti.

#18 Zamu ya Usiku
Kesho asubuhi makohozi yapimwe kwa GeneXpert. Kipimo hicho hakisubiri ng'ombe, TB inapimwa bure, na mashine inamaliza kwa kama saa mbili. Na msiniambie hapa hatuna vipimo vya vinasaba! Mashine ile inatafuta kipande cha jeni ya mdudu wa TB, na kwa kipande hicho hicho inaangalia kama mdudu amekuwa sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB.

#19 Kipimadarubini
Nafuta kauli yangu ya #11 kwa upande wa pafu. Sikujua. Utaratibu wa Zamu ya Usiku ndio sahihi: makohozi kwanza.

Wakati huo huo mtafute bloku ya uvimbe wa kwanza, haigharimu kitu zaidi ya nauli. Kinyama kilichotolewa Dar hakikutupwa. Kiliwekwa kwenye fomalini (dawa ya kuzuia nyama isioze), kikagandishwa ndani ya nta, kikakatwa vipande vyembamba vya kuwekwa kwenye slaidi, na bloku iliyobaki ikahifadhiwa. Bila bloku hiyo hakuna cha kulinganisha, hata mkipata mamilioni. Nendeni na barua ya daktari, namba ya faili na namba ya patholojia iliyo juu ya ripoti ya zamani. Hiyo namba ya patholojia ndiyo muhimu, jina peke yake litawazungusha siku nzima.

Wakisema haionekani msikate tamaa dirisha la kwanza. Nimewahi kusubiri bloku wiki tano kutoka sehemu moja, ikaja kupatikana kwenye boksi la mwaka mwingine.

Ujue pia fomalini si rafiki wa DNA. Inaikatakata, na inabadilisha baadhi ya herufi C zisomeke kama T. Nyama ikikaa fomalini siku nyingi kabla ya kuwekwa kwenye nta, unaweza kusoma makosa ambayo mgonjwa hakuwahi kuwa nayo. Maabara makini wanajua namna ya kuyachuja, ila mwulizeni atakayesoma kama anafanya hivyo. Na mwanapatholojia azungushie kwa kalamu sehemu yenye seli nyingi za saratani kwenye slaidi, siyo wasage kipande kizima chenye misuli na tezi za mate.

#20 Ng'ombe Watatu
Dada nimerudi kusoma upya. Nilikuwa mkali bila sababu. Mnunuzi mwambieni asubiri.

#21 Binti Kibaigwa
MREJESHO. Samahani kwa ukimya wa siku sita.

Makohozi: wadudu wa TB wameonekana, si sugu. Mzee kaanza dozi. Wajukuu wote pale Chang'ombe wamepimwa, wawili wadogo wamepewa dawa za kinga. Upasuaji wa fizi haujafutwa, wamesema atumie dawa wiki mbili kwanza ndipo wapange tarehe.

Zamu ya Usiku, nilimuuliza daktari kama basi kidoa kimeelezeka. Akasema huenda, ila TB na saratani vinaweza kulala kitanda kimoja, kwa hiyo picha itarudiwa baada ya dozi. Kikipungua, vizuri. Kisipopungua watakichoma sindano, na hapo ndipo suala la kusoma vinasaba litafunguliwa rasmi, kwa vitatu pamoja.

Mama alisikia TB akashukuru Mungu kwa sauti. Nesi alimshangaa.

#22 Mama Ikungi
Mimi namwelewa mama yako vizuri sana.

#23 Mzee wa Hombolo
Mungu amponye. Zabibu zinaanza kuiva, akitoka hospitali mpitishe kwangu, kama fizi haitaruhusu nitamkamulia.

#24 Binti Kibaigwa
Asante sana mzee wangu, tutafika.

Kipima, kaka alienda Dar kwa treni ya asubuhi, amerudi na ya jioni. Bloku zimepatikana mbili, namba ya patholojia ndiyo iliyotuokoa kama ulivyosema. Kazileta ndani ya bahasha ya kaki, kazishika mkononi njia nzima kama mtu aliyebeba mayai. Sasa hapa nyumbani tuziweke kwenye friji?

#25 Kipimadarubini
Hapana, friji si lazima. Mahali pakavu, kivulini, panya wasifike, na kila bloku ibaki na namba yake. Kesho ukiweza zipeleke kwa daktari zikabidhiwe patholojia kwa maandishi. Ila kwa usiku huu chonde chonde kaka asiziache kwenye gari. Jua la Dodoma la Oktoba likiwahi kabla yenu, nta italainika.

#26 Binti Kibaigwa
Ziko kabatini kwa dada, chini ya vitenge. Ufunguo anao mama.